Anza na Kitako

Kikombe kikimfikia Bibi mkononi, haangalii uso wa malkia uliochapwa juu yake. Anakipindua, anakilaza kwenye kiganja cha kushoto, kisha anapitisha kidole gumba cha kulia kwenye duara la chini, pale kikombe kinapogusa meza. Anapita mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu. Kikombe kilichokaa rafuni zaidi ya miaka mia, kikashushwa sikukuu, kikaoshwa na kurudishwa, huwa na mikwaruzo midogo iliyokwenda kila upande, na ndani ya mikwaruzo hiyo uchafu wa zamani umejikita hata sabuni haiutoi. Aliyekizeesha juzi kwa msasa huacha mikwaruzo iliyopangana, yote ikizunguka njia moja. Tofauti hiyo jicho linaweza kuikosa. Kidole gumba cha Bibi hakiikosi.

"Bibi, mbona picha huitazami?" nilimuuliza.

"Picha haikimbii, mwanangu. Tena picha inaigika. Kitako kinazeeka chenyewe."

Namwita Bibi kwa kuwa Waswahili wote wa mtaa wake wanamwita hivyo. Alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, akaja Uingereza kusomea uuguzi akiwa msichana, akaolewa, akabaki. Anaishi Stoke-on-Trent, mji uliotokana na miji sita iliyounganishwa mwaka 1910, na iliyokuwa ikifinyanga vyombo vya nusu ya dunia. Makaa ya mawe yalichimbwa papo hapo. Udongo mweupe uliletwa kutoka Cornwall, mbali kusini, na kwa miaka mingi ulimalizia safari yake kwenye majahazi ya mfereji wa Trent na Mersey. Wauguzi wenzake wengi walikuwa mabinti na wajukuu wa wafinyanzi. Ndio waliomfundisha kupindua sahani kabla ya kula.

Anachokusanya ni vyombo vya kumbukumbu ya kifalme: vikombe, sahani, bilauri na majagi yaliyotengenezwa ili mtu wa kawaida awe na kipande chake cha sherehe ya kumtawaza mfalme, ya jubilei, ya harusi, hata ya msiba. Ni mambo yaleyale ya kanga yenye sura ya rais: hainunuliwi kwa kuwa huna nguo, hununuliwa kwa kuwa siku ile ulikuwepo. Uingereza ilianza mchezo huo katika karne ya 17. Charles wa Pili aliporudi kwenye kiti mwaka 1660, wachoraji wa vyombo walimpaka kwa mkono kwenye sahani nene za udongo zilizofunikwa rangi nyeupe, taji limekaa upande, macho hayalingani. Vya namna hiyo viko kwenye majumba ya makumbusho. Vya Bibi vinaanzia kwa Victoria, aliyetawazwa 1838, na vingi ni vya jubilei zake mbili, ya miaka 50 mwaka 1887 na ya miaka 60 mwaka 1897, maana ndipo viwanda vilipoweza kumfikia kila mtu mwenye senti chache. Miji mingi iliwagawia watoto wa shule vikombe bure. Vingine vina jina la meya kwa herufi zinazokaribia kuwa kubwa sawa na za malkia.

Usidhani anawapenda sana hao wafalme. "Mfalme wa watu simpendi wala simchukii," husema, na mazungumzo hayo huishia hapo.

Baada ya kitako, sikio. Anakiweka kikombe juu ya ncha za vidole vitatu vilivyosimama, bila kukishika, na kukigonga ukingoni kwa ukucha. Kizima hulia, sauti nyembamba inayokawia kuisha. Chenye ufa hutoa mgoto mfupi tu, basi. Ila anaonya kwamba udongo wa kawaida haulii kama kaure, ile laini iliyochanganywa majivu ya mifupa ya ng'ombe, kwa hiyo lazima ujue kwanza umegonga nini. Kwenye soko la vitu vikuukuu, uwanja wa wazi ambako watu hufungua buti za magari na kuuza vilivyomo, kelele ni nyingi. Nimemwona akikipeleka kikombe hadi nyuma ya gari, akainama, akakigonga sikioni.

Nyumbani kuna jaribio la pili. Anajaza kikombe maji ya uvuguvugu na kukisimamisha juu ya karatasi ya shashi iliyokauka, kisha anakwenda kufanya mambo mengine. Akirudi, ufa ambao ukucha haukuukamata utakuwa umejichora wenyewe kwenye karatasi. La tatu hufanywa gizani, kwa tochi ndogo ya mwanga wa zambarau. Gundi za kisasa na rangi za kufichia kasoro humeremeta chini ya mwanga huo kwa namna ambayo glezi ya zamani haimeremeti. Glezi ni ule utando wa kioo unaofunika chombo kizima. Fundi mzuri anaweza kujazia pengo la ukingo hata wewe na mimi tusilione, lakini tochi italionyesha likiwaka peke yake. Bibi hawachukii mafundi hao, ila anamchukia muuzaji aliyenyamaza.

Halafu ndipo anasoma maandishi ya chini, na hapa ana mpangilio wake. Kama kuna alama ya almasi, sura ya chombo hicho ilisajiliwa kati ya 1842 na 1883. Kama kuna herufi "Rd No" na tarakimu, ni mfumo uliofuata, ulioanza 1884, na tarakimu hiyo inaweza kufuatwa hadi kwenye mwaka wake. Neno "England" lilipo peke yake humfanya afikirie 1891 na kuendelea, kwa sababu mwaka huo sheria ya ushuru ya Marekani ilianza kudai kila bidhaa itaje nchi ilikotoka, na viwanda vya Stoke vilikuwa vikiuza sana Marekani. "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20. Kwa hiyo sahani inayojinadi kuwa ya jubilei ya 1887, huku nyuma ikiwa na "Made in England" safi kabisa, inamtia shaka kabla hajamsikiliza muuzaji. Hairushi. Anairudisha mezani na kumtakia mwenyewe siku njema.

Sasa ndipo anakigeuza kikombe juu, na hata hapo haanzi na malkia. Anatafuta maungio.

Maungio ni kitu ambacho sikukijua mpaka aliponionyesha, na tangu hapo nimeshindwa kutokukiona. Kwenye kikombe kilichopigwa chapa kwa njia ya zamani, mstari wa maua unaozunguka ukingoni lazima uanze mahali na uishie mahali. Mwanzo na mwisho vikikutana, karibu kila mara nyuma ya mkono wa kikombe, ua moja linakatika nusu, au majani mawili yanapandana, au pengo dogo jeupe linabaki. Bibi analisogelea kwa kioo cha kukuzia na kukaa nalo muda mrefu kuliko anavyokaa na uso wowote wa kifalme. Mara nyingine anatabasamu. Kuelewa anachokitabasamia ilinibidi nikaone kazi yenyewe.

Burslem, mojawapo ya ile miji sita, kuna kiwanda kinachoitwa Middleport, kilichojengwa kando ya mfereji mwishoni mwa miaka ya 1880 na kampuni ya Burgess & Leigh. Tanuri zake za matofali zenye umbo la chupa zilikuwa saba, imebaki moja. Humo ndani, chapa ya karatasi laini bado inapigwa kwa mikono, kazi ileile iliyovalisha vikombe vya Victoria. Ufundi wa kuhamisha picha kutoka kwenye karatasi hadi kwenye chombo ulianza kushika katika miaka ya 1750, na Josiah Spode, wa Stoke hiyohiyo, aliukamilisha kwa rangi ya buluu chini ya glezi katika miaka ya 1780. Kilichobadilika tangu hapo ni kidogo.

Kila kitu kinaanza na shaba nyekundu. Mchongaji huchonga picha kwenye bamba au kwenye mche wa shaba kwa patasi nyembamba, mistari na nukta, na ujuzi wake wote uko kwenye kina. Mstari uliochimbwa zaidi hubeba rangi nyingi na utatokea mweusi. Nukta iliyoguswa tu itatokea kivuli. Shavu la malkia ni nukta mia kadhaa zinazopungua kina kuelekea kwenye mwanga. Mchongaji hana rangi ya kivuli mkononi. Ana kina tu.

Mpiga chapa huweka rangi juu ya shaba iliyopashwa moto. Rangi hiyo ni oksidi ya madini, kobalti ikiwa buluu inatakiwa, iliyopondwa na kuchanganywa na mafuta mpaka ikawa nzito kama lami. Moto huilainisha iingie kwenye mistari. Kwa bamba la mkono, anaisukumiza ndani kwa kipande cha mti, anakwangua iliyozidi kwa kisu kipana, kisha anafuta uso wa bamba kwa kitambaa kigumu, ili rangi ibaki mashimoni tu. Akifuta kidogo, picha itakuwa na ukungu. Akizidisha, atainyonya rangi kutoka kwenye mistari ya juujuu na shavu litapotea. Hakuna kipimo. Analitazama bamba likiwa limeinamishwa kuelekea dirishani, anafuta tena kona moja, anaacha.

Karatasi inayofuata ni nyembamba sana, ila ina nguvu. Inapakwa maji ya sabuni, inalazwa juu ya bamba, inapita chini ya rola, na ikibanduliwa imebeba picha yote kinyume, mbichi, inanata. Kuanzia hapo haina muda wa kusubiri. Mkataji anaikata kwa mkasi: picha kubwa kando, mstari wa ukingo kando, alama ya kitako kando. Zamani kazi hii ilikuwa ya wasichana wadogo, na waliofuata mezani, waliobandika, walikuwa wanawake.

Mbandikaji ndiye niliyemtazama zaidi. Mbele yake kuna chombo kilichochomwa mara moja tu, bila glezi, cheupe, kikavu, kinachonyonya. Ukikigusa kwa ulimi kitaung'ang'ania. Anashika utepe wa karatasi kwa ncha mbili na kuushusha karibu na ukingo bila kugusa. Akishagusa, imekwisha, kwa sababu udongo unaivuta rangi papo hapo na hakuna kusogeza. Anaweka ncha ya kwanza nyuma ya mkono wa kikombe. Anazungusha kikombe, karatasi inakifuata. Tatizo ni kwamba kikombe kimepanuka juu na karatasi imenyooka, kwa hiyo kila baada ya vidole viwili anaikata kidogo chini na kuipandisha juu ya nyenzake, ua likae juu ya ua, jani juu ya jani, ili mkato usionekane. Mwisho wa utepe unapokutana na mwanzo, anaamua kwa sekunde moja: akate hapa au pale, avute kidogo au aache pengo. Hayo ndiyo maungio ambayo Bibi huyatafuta kwa kioo.

Kisha anachukua brashi ya nywele ngumu, fupi, anaigusisha kwenye sabuni na kuanza kusugua mgongo wa karatasi. Husugua kwa nguvu iliyonishangaza, mkono mzima ukishuka kutoka begani, mpaka karatasi inaanza kung'aa na picha kuonekana kwa nyuma yake. Akiridhika, chombo kinakwenda kwenye maji, karatasi inaloa, inateleza, inatoka. Rangi haitoki. Ilishaingia mwilini. Chombo kinapashwa moto tena ili mafuta yaungue, kinachovywa kwenye glezi inayokifunika cheupe kama maziwa, na picha inapotea kabisa. Inarudi baada ya tanuri, chini ya kioo, na haitatoka tena.

Vikombe vingi vya kifalme viliongezewa kazi nyingine. Picha ilipigwa kwa rangi ya kahawia au nyeusi, halafu mabinti waliokaa safu mezani wakajazia rangi kwa brashi: nyekundu kwenye bendera, kijani kwenye majani, njano kwenye taji, kikombe baada ya kikombe, wakilipwa kwa hesabu ya vipande. Bibi ana kikombe cha 1897 ambacho nyekundu ya bendera imevuka mstari kwa unene wa uzi, upande wa kulia tu, kwenye kila bendera. Anaamini aliyekipaka alikuwa akivuta brashi kuja kwake na alikuwa amechoka. Anaweza kuwa anakosea kuhusu kuchoka. Kuhusu mkono, nadhani yuko sahihi. Hasahau pia kusema kwamba glezi ile ilikuwa na risasi, na waliochovya vyombo humo walikuwa wakiugua kwa sumu yake, wengine wakafa. Muuguzi haachi kulitaja hilo.

Kuelekea mwisho wa karne ya 19, picha zilizopigwa kwa mawe na kubandikwa zikiwa tayari na rangi zake zote zilianza kuchukua nafasi. Chini ya kioo cha kukuzia zinajitambulisha mara moja: rangi yote ni nukta zilizotawanyika sawasawa, hakuna aliyevuka mstari. Bibi anavyo pia. Huvipitia haraka, nami nimejifunza kuvipitia haraka.

Tarehe, hata hivyo, humsimamisha. Edward wa Saba alipangiwa kutawazwa tarehe 26 Juni 1902. Viwanda vilikuwa vimeshatengeneza kila kitu. Siku mbili kabla, mfalme akapasuliwa tumbo kwa ajili ya kidole tumbo, sherehe ikasogezwa hadi 9 Agosti. Vyombo vya Juni vikabaki madukani vikiwa na tarehe ya jambo lisilotokea, na kwa kuwa tayari vilikuwa vingi mno kutupwa, viliuzwa hivyohivyo. Ndiyo maana vya Juni ndivyo utakavyovikuta kila mahali, na chenye Agosti kinahitaji subira. Chakula ambacho mfalme aliwaandalia maskini wa London, wapatao nusu milioni, kililiwa tarehe 5 Julai bila yeye, na bilauri za udongo za kiwanda cha Doulton zikagawiwa kama ilivyopangwa. Bibi anayo moja. Ina pengo ukingoni, na hajafikiria kuliziba. Aliyekunywa humo alikuwa na haki ya kuiangusha.

Kikombe anachokipenda zaidi katika kundi la 1902 hakina maajabu kwa nje. Ni chembamba, cheupe, maua machache na tarehe. Anakiinua kuelekea dirishani, mdomo ukinitazama, na chini kabisa, kwenye sakafu ya kikombe, uso wa mfalme unatokea ghafla, ndevu, paji la uso, kola. Hakuna rangi. Picha imefanywa kwa unene wa kaure peke yake: palipo pembamba mwanga unapita, palipo panene unazuiwa. Aliyechonga kielelezo chake katika nta ilibidi afikiri kinyume, akichimba kila alipotaka pawe peupe. Ukimimina chai, mfalme anaondoka. Ukimaliza, anarudi. Nilikishika kwa mikono miwili na kukirudisha upesi.

Kazi ya kuosha hufanyika asubuhi, kukiwa na mwanga na hakuna mgeni. Beseni la plastiki, kamwe si sinki la chuma. Taulo iliyokunjwa mara mbili chini yake. Bomba linasukumwa pembeni, maana mdomo wa bomba umevunja vyombo vingi kuliko watoto. Pete na bangili zinavuliwa. Maji ni ya uvuguvugu, sabuni tone moja, na chombo kinaingia kimoja tu kwa wakati. Palipo na dhahabu ukingoni hagusi kwa kitambaa. Anatumia pamba ya kijiti iliyoloa na kuizungusha, kwa kuwa dhahabu imekaa juu ya glezi na kila kusugua kunaondoka nayo. Kikombe hakiinuliwi kwa mkono wake. Hushikwa tumboni, kwa viganja viwili.

Sahani ya 1887 aliyoileta wiki za karibuni ilikuwa na doa la kahawia lililotambaa chini ya glezi. Glezi ikishindwa kusinyaa sawa na udongo, hupasuka nyufa nyembamba mno, mtandao mzima, na mafuta ya chakula cha miaka hiyo hupenya humo. Wengi hukimbilia dawa ya kung'arishia nguo. Bibi haiweki karibu, kwa sababu chumvi zake hubaki ndani ya udongo, zikikauka zinaganda na kuinua glezi kutoka chini mpaka inabanduka vipande. Anatumia haidrojeni peroksaidi nyepesi, ile aliyoizoea hospitalini. Kwanza anailoweka sahani kwenye maji safi, ili udongo ushibe na doa lisizidi kuzama. Halafu anafunika doa kwa pamba iliyoloa dawa, anafunga kwa plastiki, anaacha. Siku ya pili anabadilisha pamba. Siku ya tatu pia. Pamba inatoka na rangi ya chai hafifu, kisha hafifu zaidi. Nilimuuliza inachukua muda gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kidonda kitapona saa ngapi. Doa liliisha karibu lote, na kivuli kilichobaki amekiacha. Alama za sahani kutumiwa, asema, si uchafu.

Sahani hiyohiyo ina vipini viwili vya waya mgongoni. Iliwahi kuvunjika vipande viwili, na fundi wa zamani akatoboa matundu madogo kila upande wa ufa bila kutokeza mbele, akapinda waya wa shaba, akauingiza ukiwa umevutwa, na ulipotulia ukabana vipande pamoja. Hakuna gundi. Ufa ukitazamwa mbele ni unywele. Wakusanyaji wanaotafuta vitu vizima hukimbia vipini hivyo. Bibi alilipa sawa na bei ya nzima, na mimi naona alikuwa na haki: sahani hiyo ina mkono wa mfanyakazi mmoja zaidi.

Kuviweka nyumbani ni nusu nyingine ya kazi. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba sahani ni pambo la ukuta. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya chokaa vilivyopokea kaure kutoka Uchina na baadaye sahani kutoka Ulaya. Na makaburi ya nguzo, kama lile la Mambrui, yalipachikwa mabakuli ya Kichina. Hata leo sebule nyingi zina kabati la kioo lenye vyombo ambavyo hakuna anayevitumia. Bibi amefuata zidaka kwa namna yake: rafu nyembamba za mbao ukutani, kila moja na mfereji uliochongwa karibu na ukuta, ambamo ukingo wa sahani unakaa na kuegemea bila kuteleza. Vining'inizio vya waya vyenye springi anavitumia kwa tabu, na kila ncha ya waya ameivisha mrija wa plastiki usikwaruze. Vikombe havining'inizwi kwa mikono, hata siku moja. Chini ya kila kimoja kuna punje ya nta laini ya kukishikilia, kwa sababu malori hupita na nyumba hutetemeka. Rafu ziko kwenye ukuta usiopigwa na jua la mchana, mbali na jiko.

Mpangilio wake haufuati bei. Cha 1911, mwaka wa kutawazwa George wa Tano, kiko usawa wa macho, kwa sababu ya Zanzibar: sultani wake, Sayyid Ali bin Hamud, alisafiri Ulaya kwa ajili ya sherehe hiyo na hakurudi kwenye kiti chake, alijiuzulu Desemba mwaka huohuo. Cha 1953, mwaka wa kutawazwa Elizabeth wa Pili, kiko karibu na mlango. Elizabeth alipanda ndege kuja Kenya akiwa binti mfalme, na tarehe 6 Februari 1952 habari kwamba amekuwa malkia zikamkuta Sagana, karibu na Nyeri, Bibi akiwa mtoto Mombasa. Kikombe hicho ni cha kiwanda cha Wedgwood, na fataki zake zilichorwa na msanii Eric Ravilious, aliyekufa vitani mwaka 1942. Alikuwa amezichora kwa ajili ya Edward wa Nane. Mfalme huyo alipoachia kiti, mchoro ukarekebishwa kwa mdogo wake George, na miaka 16 baadaye ukarekebishwa tena kwa binti yake.

Huyo Edward wa Nane ndiye anayempa Bibi maswali mengi sokoni. Alishika kiti Januari 1936, akakiacha Desemba mwaka uleule, na kutawazwa kwake kulikopangwa 12 Mei 1937 kukafanyika siku ileile kwa mdogo wake. Watu wakiona kikombe chenye tarehe ya mfalme asiyetawazwa wanadhani wameokota almasi. Lakini viwanda vilikuwa na karibu miezi kumi na moja ya kupiga chapa, na vikombe vyake vimejaa kila kona.

Rafu zimejaa, na kanuni ya nyumba ni kwamba kikiingia kimoja kinatoka kimoja. Sahani ya vipini imeingia. Ameandika kwenye daftari lake, kasoro kwanza, bei mwisho, kisha akatoa kikombe kimoja cha Edward wa Nane kati ya viwili alivyonavyo, akakifunga kwenye gazeti kwa ajili ya soko la Jumapili. Atakiuza kwa pauni zilezile chache alizonunulia. Mnunuzi akiuliza kama ni adimu, atamwambia si adimu, halafu atamwonyesha maungio.